Mistari ya Mlangoni

Kama umewahi kukaa kijiweni pale Kibaoni, Ifakara, unajua kwamba hakuna kinachopita pale bila kutolewa maoni. Siku niliyopita na gari langu kwa mara ya kwanza, likivutwa na trekta la kuazima, jamaa mmoja alisimama, akavua kofia kama mtu anayepisha jeneza, akasema, "Poleni na msiba, wafiwa." Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Sikuwalaumu. Gari lilikuwa halina paa, halina kioo cha mbele, halina kiti. Mimi dereva nilikuwa nimekalia kreti la soda, na nyuma yangu kuku wawili wa mjomba walikuwa wamegoma kuhama nyumba.

Gari lenyewe ni Land Rover, Series IIA, ile fupi ya inchi 88 kati ya ekseli na ekseli, ya mwaka 1966. Ni gari la wazi. Maana yake, paa ni turubai lililovishwa juu ya mabomba. Ukifungua kamba na bolti chache turubai linatoka, nusu ya juu ya kila mlango inang'oka pamoja na kioo chake, na kioo cha mbele kinalala juu ya boneti. Ukimaliza unabaki na kitu kama sinia lenye magurudumu.

Nakiri mapema: sikulitaka kwa ajili ya historia. Nililitaka kwa ajili ya picha. Wazee wetu walioangalia sinema za Kihindi wanaikumbuka Aradhana ya mwaka 1969, Rajesh Khanna yuko kwenye jipu la wazi, jipu linakwenda sambamba na treni, na yeye anamwimbia msichana aliyekaa dirishani. Nikajiambia, bwana we, reli sisi tunayo, treni ya TAZARA inapita hapa hapa, tumekosa nini zaidi ya gari la wazi? Nilikuwa na kamera ya kuazima kwa mshikaji mmoja wa Morogoro na kichwa kilichojaa picha za namna hiyo. Mjomba alikuwa na mkweche umelala uani kwake Lipangalala kwa zaidi ya miaka 20, umekuwa banda la kuku. Nikaenda kuuomba.

"Chukua," alisema. "Ila usilifanye likawa gari la mtu mwingine."

Nikaitikia ndiyo mjomba, kama vijana tunavyoitikia mambo ambayo hatujayaelewa.

Sasa tuingie kwenye historia kidogo, maana bila hiyo hutaelewa kosa nililolifanya. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Uingereza ilikuwa hoi kifedha, na chuma cha pua kilikuwa cha mgao: kampuni iliyouza bidhaa nje ya nchi ndiyo iliyopewa zaidi. Kampuni ya Rover ilikuwa na mhandisi mkuu aitwaye Maurice Wilks, ambaye shambani kwake kwenye kisiwa cha Anglesey, Wales, alikuwa akitumia jipu la Kimarekani lililobaki vitani. Alitaka kutengeneza la kwake. Chuma hakikutosha, lakini alumini ya viwanda vya ndege za kivita ilikuwepo. Basi chesisi ikawa ya chuma, bodi ikawa ya alumini, na paa likawa turubai. Hata rangi ya kijani ya yale ya kwanza ilitokana na rangi ya ndege za jeshi. Gari lilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, bei yake pauni 450. Kwa hiyo uwazi wa gari hili ulitokana na uhaba. Watu wa Ulaya na Marekani walikuwa na magari yao ya wazi ya kupungia upepo Jumapili, hili lilizaliwa kwa ajili ya mkulima ambaye pesa yake haikufika kwenye bati.

Shika hilo la alumini, tutalirudia.

Tanganyika ilikuwa nchi ya barabara za vumbi na matope, na gari hili likatufaa kama kiatu kilichopimwa mguuni. Bwana shauri alikuwa nalo, bwana nyama alikuwa nalo, misheni walikuwa nalo. TANU nao walikuwa nalo, na Nyerere alizunguka nchi kwa Land Rover katika miaka ile ya 1950 ya kudai uhuru. Baada ya Uhuru, kwenye sherehe za tarehe 9 Desemba, vijana wa shule wakijipanga uwanjani, Rais alikuwa akiingia amesimama kwenye gari la wazi, akipunga mkono kuzunguka uwanja. Ukiangalia picha hizo unaona mtu mmoja juu, na chini yake usukani, na nyuma ya usukani mtu ambaye hakuna anayemwangalia. Nilikuwa nimeziona picha hizo tangu utoto na sikuwahi kujiuliza yule dereva ni nani.

Huku kwetu bondeni hadithi ilikuwa na maji zaidi. Bonde la Kilombero ni bapa, na wakati wa masika mto unatoka kitandani na kulala mashambani. Zamani eneo lote lilikuwa wilaya ya Ulanga na makao yake yalikuwa Mahenge, juu mlimani, ng'ambo ya mto. Kwa hiyo kutoka Ifakara kwenda kumwona mkubwa ulilazimika kuvuka kivuko, ukakatiza Lupiro, ukapanda milima. Upande mwingine, kuelekea Mlimba, kuna mito inayoshuka Udzungwa mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja una hasira zake. Wandamba walikuwa na mitumbwi, na mitumbwi ndiyo iliyokuwa basi, lori na gari la wagonjwa la bonde hili kabla ya injini yoyote.

Wageni walikuja. Wakapuchini wa Uswisi waliendesha misheni na hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Profesa Rudolf Geigy wa Basel, aliyeanzisha Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mwaka 1943, alifika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 maabara yake ya utafiti ikafunguliwa hapa. Alikuwa akitafiti papasi na homa yao, kati ya mengine. Mbegu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara inayotajwa leo duniani kote kwa mambo ya malaria. Halafu wataalamu wa FAO nao wakapita, kati ya 1955 na 1960, wakipima bonde zima la Rufiji na matawi yake, Kilombero likiwemo, waone kama linaweza kumwagiliwa. Wote hao walihitaji magari, na kila gari lilihitaji dereva wa hapa hapa, anayejua tope lipi linabeba na tope lipi linameza.

Nimeona picha kadhaa za miaka ile. Zinafanana, utadhani zilipigwa na mtu mmoja. Gari liko katikati, turubai limevuliwa, mtaalamu amevaa kaptula na mguu mmoja ameuweka kwenye bampa. Chini ya picha limeandikwa jina lake na mwaka. Mjomba naye anayo moja, ameitunza kwenye bahasha ndani ya Msahafu. Ni ya mwaka 1972. Ofisa fulani amesimama mbele ya gari hili hili, safi kabisa, anacheka. Ukingoni mwa picha, upande wa usukani, kuna kiwiko cha mkono kimeegemea mlango. Picha imekatwa hapo.

"Unamwona huyo?" mjomba aliniuliza.

"Nani, huyu ofisa?"

"Ofisa wa nini. Huyo mwenye kiwiko. Ni mimi."

Mjomba aliajiriwa udereva mwaka 1971 na idara moja ambayo sitaitaja, akiwa kijana wa miaka 22. Alikabidhiwa gari hili likiwa na umri wa miaka mitano. Idara haikuwa ya mambo ya afya. Lakini usiku, kijijini, injini ni injini. Watu hawakuuliza mlangoni imeandikwa nini. Walipiga hodi.

Nitarudi huko. Kwanza nikueleze gereji, maana najua wapo wasomaji wenye mikweche yao uani wanaosubiri kusikia habari za spana.

Chesisi ilikuwa imeoza. Hiyo ndiyo kawaida ya Land Rover hizi: bodi inadumu, mifupa inaliwa. Fundi wetu wa Viwanja Sitini aliigonga kwa nyundo toka mbele hadi nyuma akisikiliza mlio, kama daktari anavyogonga kifua. Palipolia "ting" alipita. Palipolia "pfu" aliweka alama ya chaki. Akamaliza chaki mbili. Tulikata vipande na kuchomelea vipya kwa muda wa miezi minne, kwa kufuata umeme unavyotaka na pesa yangu inavyotaka, na umeme ulikuwa na nafuu.

Injini ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, ilikuwa imeganda. Tulifungua plagi, tukamimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki kwenye kila silinda, tukaiacha wiki nzima. Gari hizi zina tundu kwenye bampa la mbele la kupitisha hendeli, unaizungusha injini kwa mkono. Siku ya nane fundi alishika hendeli, akasema bismillahi, akalalia kwa uzito wake wote. Ikasogea kama robo ya mzunguko. Nakwambia, tulirukaruka pale kama timu imefunga goli. Gia ya mzunguko mdogo yenye mpini mwekundu na ile ya njano ya kuingiza magurudumu yote manne vilikuwa vizima kabisa. Kabureta nilileta kutoka Dar es Salaam, ikaja siyo yenyewe, nikairudisha. Spea nyingine tulizipata Arusha, ambako magari haya yaliishi zaidi kwa sababu ya watalii. Mabomba ya turubai aliyakunja fundi baiskeli. Turubai lilishonwa sokoni na mzee anayeshona ya malori, akanipunja sentimita kumi, ndiyo maana mpaka mwisho mvua iliingia upande wa kushoto.

Kitu kimoja kilinivutia. Chini ya sanduku la klachi kuna tundu dogo la kutolea mafuta yaliyovuja, na kuna plagi yake ambayo hukaa mahali pengine. Unaifunga pale tu unapotaka kuvuka maji, ili maji yasiingie kwenye klachi. Ukishavuka unaifungua. Yetu ilikuwa bado imefungwa ndani ya tundu, imeshikana na kutu. Gari lililala zaidi ya miaka 20 likiwa tayari kuvuka mto.

Basi ikaja zamu ya rangi, na hapo ndipo nilipoharibu.

Bodi ilikuwa na rangi tatu. Juu kabisa kijivu, aliipaka mjomba mwenyewe kwa brashi. Chini yake kijani. Chini ya kijani ni alumini tupu, laini, nyeupe kama sufuria iliyosuguliwa mchanga. Niliazima mashine ya msasa. Ukishaonja kazi ya mashine ya msasa huachi, unaona uchafu unaondoka na kitu kipya kinatokea, unajiona mungu mdogo. Nilimaliza mabawa, nikamaliza mlango wa kushoto, nikauweka mlango wa dereva juu ya stuli mbili na kuanza upande wake wa ndani. Niliona mikwaruzo. Mistari mistari, mifupi, ya kusimama, kama ile ya kuhesabia kura. Nikadhani ni kuku. Kweli kabisa, msomaji, nilidhani ni makucha ya kuku. Nikapitisha msasa.

Mjomba alifika jioni. Macho yake yana mtoto wa jicho, anaona vivuli tu, kwa hiyo gari alikuwa akilikagua kwa vidole. Alipapasa boneti, akapapasa bawa, akasema safi. Alipofika kwenye mlango ule alinyamaza. Vidole vilikwenda, vikarudi, vikaenda tena.

"Nani kapitisha msasa hapa?"

"Mimi, mjomba."

"Hapa kulikuwa na watu."

Hakupandisha sauti. Aliomba kiti, akaketi. Fundi akazima redio.

Hivi ndivyo alivyotueleza. Idara ilikuwa na kitabu cha safari. Kila maili ilitakiwa iandikwe, na sababu yake, na sahihi. Kubeba raia kulikatazwa. Ukikutwa umebeba mgonjwa bila kibali ulikatwa mshahara, na kibali kiko Mahenge au Morogoro, na mgonjwa yuko hapa anatapika damu. Kwa hiyo yeye na madereva wenzake walikuwa na namna zao. Alichomoa kebo ya mita ya mwendo ili maili zisihesabiwe. Petroli walichangishana wenye mgonjwa, wengine walileta mchele, yeye akabadilisha kwa petroli. Kama alichelewa kurudi aliandika kitabuni kwamba alikwenda kukagua daraja. "Nilikagua madaraja mengi sana," alisema, "ambayo hayakuwepo."

Masika ilikuwa mbaya. Alifunga ile plagi ya klachi, akavua mkanda wa feni ili feni isirushe maji kwenye mfumo wa plagi, akatembea kwanza kwa miguu mtoni akiwa ameshika fimbo, kisha akarudi kuingiza gari. Mgonjwa alilala nyuma juu ya godoro la majani, turubai limefungwa. Hilo la turubai alilisisitiza sana. Gari lilivuliwa paa akija mkubwa au likibeba mpunga, basi. "Mgonjwa hapigwi jua. Nyie mnalitaka wazi ili muonekane. Mimi nililitaka lifunikwe ili tusionekane."

Wengi walifika hospitali. Hao hakuwaweka alama, maana walirudi kwao na miguu yao. Waliokufia garini, aliwakwangulia mstari kwa msumari upande wa ndani wa mlango wake, wakati anasubiri kivuko au anasubiri ndugu wamalize kulia. Hakuwa na pengine pa kuwaandika. Kitabuni hawakuwahi kupanda gari.

Nilimwuliza walikuwa wangapi. Akasema hajui, hakuwa akihesabu jumla, alikuwa akiongeza mmoja mmoja. Tulihesabu iliyobaki sehemu ambayo mashine haikufika, chini ya kitasa. Kumi na moja.

Nimesoma historia chuoni. Tulifundishwa nyaraka, tulifundishwa masimulizi, tulifundishwa kupima kipi cha kuaminika. Kama mtu angenipa kile kitabu cha safari cha idara, chenye mihuri na sahihi, ningekinukuu kwenye tasnifu bila wasiwasi: mwaka 1973, madaraja yaliyokaguliwa ni kadhaa. Ningesifu bidii ya idara. Na waraka wa kweli ulikuwa chini ya mkono wangu, nao nikausafisha ili rangi ishike vizuri. Chuma kingekwisha kuliwa na kutu zamani, na fremu ya mlango huo ya chuma kweli ilikuwa imeliwa, lakini alumini haiozi, ilikuwa imetunza kila msumari kwa miaka 50. Bonde lenye mafuriko halikuifuta. Kuku hawakuifuta.

Mistari ilikoma lini? Hilo mjomba analijua: treni ilipokuja. Wachina na Watanzania na Wazambia walijenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na sehemu kubwa ya bonde letu ikapata stesheni: Mbingu, Chita, Mlimba na nyinginezo. Mgonjwa wa huko sasa alipakiwa kwenye behewa na kushushwa Ifakara. Vitabu vingi vinaieleza reli hiyo kwa shaba ya Zambia na siasa za Kusini mwa Afrika, na ni kweli. Mjomba anaieleza hivi: "Ilipoanza kutembea, mimi nikaanza kulala usiku." Wa ng'ambo ya mto waliendelea kusubiri kivuko. Daraja la Magufuli, mita 384, lilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Januari 2016 kivuko kilikuwa kimezama pale, na mwezi huo huo, kule Solihull, Uingereza, Land Rover ya mwisho ya ukoo ule wa zamani ilitoka kiwandani. Ni sadfa tu, siipi maana.

Yaliyofuata baada ya reli nayapitia haraka, kwa sababu ni ya nchi nzima na yameandikwa sana. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilichukua magari mengi ya raia na ya mashirika; hili liliponea kwa sababu boksi la gia lilikuwa chini siku hiyo. Kisha mafuta yakapanda, fedha za kigeni zikakauka, ikafika mahali magari binafsi yanapigwa marufuku kutembea Jumapili mchana bila kibali. Spea hakuna. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, na fundi mmoja mwenye pistoni mbili za akiba alizifukia shambani, hajazipata mpaka leo. Gari likawekwa juu ya mawe. Mwaka 1985 idara ilifanya mnada wa vyuma chakavu, mjomba akanunua. Nilimwuliza alinunua kwa sababu ya ile mistari? Akasema hapana, alinunua kwa sababu lilikuwa bei rahisi. Nilimpenda zaidi kwa jibu hilo.

Alilitembeza mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, likampakilia mpunga, kambale na wanafunzi. Halafu Toyota zikashika soko, naye akachoka, kuku wakahamia.

Tulilimaliza mwaka jana. Rangi ni kijani, mlango wa dereva pekee uliachwa kama ulivyo, nusu kijivu nusu msasa. Pale Kibaoni jamaa yule yule alisimama tena, akauliza kwa nini tumelivalisha suti halafu kiatu kimoja cha ndala. Nikamwambia subiri, nitakuja kukueleza. Bado nadaiwa.

Picha yangu ya Aradhana niliipiga, siwezi kusema uongo. Tulisubiri treni karibu na stesheni ya Ifakara toka asubuhi, turubai limevuliwa, kioo kimelala, mimi nimevaa shati jeupe. Treni iliahidiwa saa nne. Ilipita saa kumi na mbili na robo, giza linaingia, na mshikaji mwenye kamera alikuwa amekwenda kununua chapati. Alipiga nne mbio mbio. Katika moja naonekana kidevu. Ndiyo hiyo.

Ile nzuri ni ya mlango. Kupiga picha mikwaruzo kwenye alumini ni kazi, maana ukiielekezea taa usoni inang'aa yote na huoni kitu. Tulihangaika siku mbili. Mwishoni tuliuegemeza mlango ukutani jioni, jua likiwa limelala kabisa, mwanga ukaja kwa ubavu, na kila mstari ukatupa kivuli chake. Yote kumi na moja ilisimama. Hata pale nilipopitisha msasa, ukikaza macho, unaona kama mabonde hafifu. Nimejaribu kuyahesabu kwenye picha mara nyingi. Kuna siku napata tisa, kuna siku kumi na nne. Siandiki namba.

Niliwapiga pia mjomba na gari. Nilimpanga katikati, mbele, mahali pa yule ofisa wa 1972. Alikataa. Akazunguka akipapasa mpaka upande wa usukani, akaweka kiwiko mlangoni, akasema piga hapa. Akaniuliza kama turubai lipo juu. Nikasema ndiyo, mjomba.

Halafu ikaja habari ya mshiko. Mvua za 2024 ziliingia nyumbani kwake, ukuta wa nyuma ukalala, na macho yake yanahitaji kupasuliwa. Watoto wake, binamu zangu, walisema gari liuzwe, na mimi sikuwa na jibu la maana la kuwapa. Oktoba ya mwaka huo kulikuwa na tamasha kubwa la Land Rover kule Arusha, na tangu hapo wapenzi wa magari haya wamekuwa wakizunguka nchi na mifuko iliyojaa. Akaja mmoja. Mstaarabu, anajua kazi, alilala chini ya gari nusu saa na shati lake safi. Akatoa milioni 14. Alikuwa na sharti moja tu, milango ibadilishwe, hasa huo wa dereva, kwa sababu yeye anataka gari liwe kama lilivyotoka kiwandani mwaka 1966.

Sikulala siku hiyo. Asubuhi nilikwenda kumweleza mjomba nikiwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu. Alikuwa anakunywa chai.

"Milango haitaki?"

"Haitaki."

"Basi mbona umekunja uso? Mpe gari. Mlango leta ndani."

Ukuta umejengwa. Jicho la kulia limepasuliwa, la kushoto linasubiri zamu. Mlango uko chumbani kwake, umeegemea karibu na kitanda, na siku ya tatu baada ya bandeji kutolewa aliomba tuusogeze dirishani. Aliuangalia muda mrefu. Kisha akaniambia nilete daftari.

Tunaendelea nalo mpaka sasa, jioni baada ya swala, yeye anaweka kidole kwenye mstari na kusema alikuwa nani, alitoka wapi, walikwama mto gani. Majina sitayaandika hapa, wana ndugu zao na kwanza nitawafuata hao. Tumefika wa saba. Wa nane alikuwa mtoto wa kike kutoka Mofu, alikuwa na mama yake, na mama alivaa khanga nyekundu. Jina la mama, mjomba anasema, liko mdomoni, litakuja. Nimeacha mistari miwili wazi kwenye daftari.